Mwenyekiti Aliyekwenda Nyumba kwa Nyumba

Paa la studio yetu lilipovuja, Mwenyekiti alituomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeyatoboa mabati. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akirudia, "Poleni. Poleni sana," huku sisi tukisukuma meza na kuziokoa karatasi za kuchorea. Umeme ukipotea aliomba radhi. Basi la chuo lilipoharibika njiani tukienda Ahero kuangalia mashamba ya mpunga, alishuka wa kwanza akasimama kando ya barabara amejiinamia, na dereva ndiye aliyembembeleza. Sijapata kumwona mtu mzima, tena msomi, mwenye aibu ya karibu namna ile. Alituambia siku moja kwamba kwa Kijaluo aibu huitwa wichkuot, kuvimba kichwa. Kweli, siku mbaya ungemwona kichwa kimemwelemea shingo.

Tulimwita Mwenyekiti kwa kuwa ndicho kilichokuwa cheo chake: mwenyekiti wa idara ya usanifu wa mandhari, idara changa kuliko zote chuoni, yenye walimu wachache na wanafunzi ambao hata wao hawakuwa na hakika wamekuja kusomea nini. Mama yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Kaloleni, alipolisikia jina hilo mara ya kwanza aliuliza ni mwenyekiti wa chama gani. Nikamweleza kwamba tunasomea namna ya kupanga ardhi, njia, maji na miti mahali watu wanapoishi.

"Basi ni bustani," akasema.

"Si bustani tu, Mama."

"Haya." Na kwa majirani akasema nasomea uinjinia. Nilimsikia, nikanyamaza. Nadhani wengi wetu tulikuwa na wazazi waliosema uinjinia.

Mtu huyo mwenye haya hata mbele ya dereva alikuwa mwingine kabisa siku ya kutundika kazi ukutani. Angesimama mbele ya mchoro wako kimya, mikono nyuma, mpaka ukaanza kuuchukia wewe mwenyewe. Kisha angesema, "Mvua imeanza kunyesha. Nionyeshe maji yanaenda wapi." Ungeweka kidole kwenye karatasi, ukashuka nacho polepole. "Hapo ni kwa jirani," angesema. "Umempelekea jirani maji." Na hapo kazi ya wiki nzima ilikuwa imekwisha.

Rafiki yangu Otieno, ambaye mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wetu sote, alichora siku moja kituo cha mabasi chenye viti vya mawe na vivuli vya kupendeza. Mwenyekiti alikitazama kwa muda mrefu.

"Mama wa mahindi choma anakaa wapi?" akauliza.

"Hayuko kwa mchoro, Mwalimu."

"Yuko. Wewe ndiye hukumchora."

Alikuwa na msemo kwamba kupanga mahali ni kumkaribisha mtu usiyemjua. Aliusema bila madaha, kama mtu anayekumbusha kufunga mlango. Alichukia nyua za seng'enge. Alipenda njia zinazokatwa na miguu ya watu kwenye nyasi, akatukataza kuziita uharibifu. Wakati mwingine, katikati ya somo, alituongoza nje tukazifuata njia hizo moja moja, sisi nyuma yake kama vifaranga, hadi jikoni kwa wapishi au kwenye tundu la ua ambalo wanafunzi walipenyea kwenda kununua chapati. Wanafunzi wa idara nyingine walitucheka madirishani. Yeye hakuwaona. Sisi tuliwaona vizuri sana.

Tulifika kwake mara moja tu, tukimbebea mifano ya kadibodi ambayo chuoni haikuwa na pa kuwekwa. Alikuwa amepanga nyumba mtaani Migosi. Ua wake ulikuwa saruji tupu, kutoka ukuta hadi ukuta, hakuna hata jani, ila kopo la rangi lenye shina moja la sukuma wiki lililoliwa na wadudu. Mkewe, muuguzi, alikuwa kwenye zamu, hivyo hatukumkuta. Tulisimama na mifano yetu yenye miti ya sponji mikononi, tukitazama saruji ile, na yeye akatuona tunatazama.

"Nyumba ya kupanga," akasema. "Mwenyewe hapendi matope."

Otieno alitaka kucheka, nikamkanyaga mguu. Njia nzima ya kurudi nilijiuliza kwa nini asingemwomba mwenye nyumba ile angalau pembe moja. Baadaye nilielewa kwamba kuomba ndicho kitu alichokiogopa kuliko vyote. Mbele ya mtu yeyote aliyekuwa na kiti kikubwa kuliko chake, Mwenyekiti aligeuka kuwa mtoto aliyeitwa ofisini.

Siku moja chuo kilikuwa kinapokea mgeni wa heshima. Wakubwa wa utawala wakamwita Mwenyekiti, wakamwambia kwa kuwa idara yake ni ya mambo ya maua, wanafunzi wake wapande maua kando ya barabara ya kuingilia. Tulikuwa tunakaribia kumaliza masomo. Tulikuwa tumepima miteremko, tumechora mitaro, tumekesha kwa hesabu za uzito unaobebwa na kuta. Tulidhani atakataa. Alirudi studio akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi.

"Nimekubali," akasema.

"Mwalimu, si kuna watu wa kufyeka na kupanda?" Otieno akamuuliza.

"Wako."

"Sasa sisi ni nani?"

Asubuhi iliyofuata alifika kabla yetu, suruali ya suti imekunjwa hadi magotini, akapiga magoti kwenye udongo mweusi na kuanza kuchimba. Tulipanda pamoja naye. Wanafunzi wa uinjinia, wale hasa ambao majirani zangu walidhani ni wenzangu, walipita wakitupiga picha kwa simu. Mmoja alimwita Mwenyekiti "Mzee" na kumwomba asogee kidogo apate picha nzuri. Akasogea. Nilimchukia siku ile. Nilitazama mgongo wake umeinama juu ya maua yale mekundu nikaona haya kwamba huyu ndiye mtu nitakayelitaja jina lake nikiulizwa nani alinifundisha.

Lakini yaliyonifanya nimwandike leo yalianza kabla ya hapo, siku ya kwanza kabisa, siku ya wazazi.

Wazazi walijaa ukumbini, na kila mwenyekiti wa idara akapanda jukwaani kusema machache. Wetu alisema machache kweli. Akauliza kama kuna swali. Kisha nikamwona mama yangu anasimama katikati ya ukumbi, amejitanda mtandio wake wa Idi, na watu wote wakageuka.

"Mimi nataka kujua," Mama akasema, "huyu binti akimaliza, hiyo shahada yake itatambulikana? Maana nimesikia kuna watu wanasoma wakimaliza wanaambiwa hawajasoma."

Mwenyekiti alimtazama Mama kwa wema. "Mama, iko sawa," akasema. "Nakuahidi iko sawa." Akarudia kwa Kijaluo kwa ajili ya wazee wa mashambani, na watu wakapiga makofi.

Haikuwa sawa. Tulijua mwaka wetu wa mwisho, Otieno alipokwenda Nairobi kuhojiwa kwa ajili ya kazi. Walizipenda sana kazi zake. Kisha wakamwambia kwa upole kwamba bodi inayosajili wasanifu haiitambui idara yetu, na mtu asiyesajiliwa hawezi kutia jina lake kwenye mchoro wowote. Otieno alirudi na basi la asubuhi, akaingia studio bila hata kunawa uso, akatuambia mbele ya Mwenyekiti.

"Sema tena," Mwenyekiti akamwambia.

Otieno akasema tena. Mwenyekiti akachukua kofia yake akatoka. Tulimwona kupitia dirishani akipita kati ya majengo kuelekea utawala, haraka, kitu ambacho hatukuwahi kumwona akifanya. Alirudi alasiri, hakuingia ndani, akasimama pale pale mlangoni alipozoea kutuombea radhi.

"Ni kweli," akasema. "Niliambiwa ombi la idara limepelekwa kwenye bodi na limekubaliwa. Lilikuwa halijapelekwa."

"Nani alikuambia hivyo?" nikauliza.

"Si kitu nani, Rukia. Mimi ndiye niliyesema mbele ya mama yako."

Utawala ukaagiza watu wanyamaze hadi mambo yarekebishwe. Walimu wengine walinyamaza, na siwalaumu sana, walikuwa na watoto. Tulimtazamia naye anyamaze. Mtu aliyeshindwa kukataa kupanda maua angewezaje kukataa hili? Lakini Jumamosi ya wiki ile ile Mwenyekiti alianza kwenda kwa wazazi wetu, nyumba kwa nyumba, kuwaambia kwa kinywa chake.

Kaloleni alifika baada ya adhuhuri, kwa bodaboda. Nilimwona kupitia dirishani akimlipa kijana yule na kujipangusa vumbi viatuni, nikaelewa mara moja amefuata nini, kwa sababu Mama nilikuwa sijamwambia. Nyumba zetu zile za manispaa za zamani zinatazamana, na mfereji wa kuchotea maji ni mmoja, kwa hiyo hakuna mgeni wa mtu mmoja pale. Wanawake waliokuwa kwenye mfereji waliacha kuzungumza. Mama alikuwa barazani kwenye cherehani yake.

"Hodi, Mama Rukia."

"Karibu, Mwalimu. Rukia, lete kiti."

Nilileta kiti, nikamwamkia bila kumtazama, nikarudi ndani nikasimama nyuma ya pazia. Hakukaa.

"Mama, siku ile ya wazazi uliniuliza swali."

"Nakumbuka. Ukasema iko sawa."

"Haikuwa sawa."

Akamweleza yote, polepole, bila neno kubwa hata moja. Nilisikia mguu wa Mama ukitoka kwenye kanyagio na cherehani ikasimama.

"Ulikuwa unajua?" Mama akauliza.

"Sikujua."

Mama akangoja. Alikuwa hodari wa kungoja.

"Lakini sikuuliza," Mwenyekiti akasema. "Ningeuliza, ningejua. Niliogopa wakubwa wangu wataona nawashuku."

"Mimi nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikauliza," Mama akasema. Sauti yake haikupanda. "Watu waligeuka wakanitazama kama nimekuja kuharibu harusi. Mimi niliona haya na nikauliza. Wewe ukaona haya ukaacha."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa unataka nikwambie nini?"

"Hakuna. Sijakuja kusamehewa. Nimekuja usikie kutoka kwangu, isiwe kwa watu."

Kisha akalia. Hakulia kwa sauti. Alijifunika uso kwa kofia na mabega yakawa yanacheza, na mfereji wote ukaona. Mmoja wa wale wanawake akaita, "Mama Rukia, mgeni wako ana nini?"

"Amekuja kupimwa suruali," Mama akamjibu.

"Mbona analia?"

"Nimemtajia bei."

Wanawake wakacheka wakarudi kwenye ndoo zao. Mwenyekiti naye alitoa sauti nyuma ya kofia, nusu kicheko, na nadhani hiyo ilimuumiza zaidi. Mama akavuta kile kiti karibu na magoti yake. "Kaa, Mwalimu," akasema. "Rukia, tia maji ya chai."

Nilipika chai. Watu hudhani aibu ni kitu kimoja. Mimi siku ile nilikuwa nazo kadhaa. Nilimwonea aibu mwanamume mzima anayelia barazani kwetu. Nilijionea aibu mimi, uinjinia wangu wa uongo ukianikwa mbele ya mfereji. Na ile mbaya zaidi: nilitamani angenyamaza kama wenzake, tupate walau kumaliza vizuri, tuvae majoho, tupigwe picha, ukweli uje baadaye taratibu ukiwa hauna uso wa mtu. Mwenyekiti alikunywa chai yote. Akamshukuru Mama, akaniambia, "Jumatatu tutaonana, Rukia," akaondoka kwa miguu, maana hakukuwa na bodaboda karibu.

Mama alimaliza kwanza kushona gauni lililokuwa mbele yake. Kisha akasema, "Huyu mtu ni mwoga. Lakini amekuja." Hakuongeza neno, na hajaongeza mpaka leo.

Kwingine hakupata chai. Babake Otieno, mkulima wa mpunga, alimwacha asimame juani mpaka alipomaliza kusema, akamgeuzia mgongo akaendelea na jembe lake. Maseno kulikuwa na mzazi mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, aliyemsikiliza akiwa ndani ya lango na kulifunga taratibu bila kujibu. Tuliyakusanya masimulizi hayo studio, kila mtu akileta lake, na mwanzoni tuliyacheka. Siku zilivyokwenda hatukucheka tena. Tulianza kuhesabu nani hajatembelewa, na aliyekuwa bado alikaa kwa wasiwasi kama anayengojea jino lake kung'olewa.

Utawala ulipopata habari walimvua uenyekiti. Walimpa ofisi karibu na stoo, pamoja na mafyekeo na mabomba ya kumwagilia, wakamweka kijana mmoja mwenye maneno mengi mahali pake. Mwenyekiti hakulalamika, na hilo pia lilituudhi. Tulitaka apigane. Yeye akaanza kusafiri na basi kwenda Nairobi kwenye bodi ile, bahasha kubwa ya kazi zetu kwapani, kila mara akirudi na sharti jingine. Wakisema tumepungukiwa na somo fulani, alilifundisha. Sisi tulikuwa tumekwisha kutawanyika. Mimi nilikuwa natia vifungo kwa Mama, Otieno alikuwa anauza simu mjini. Jumamosi tulirudi chuoni tukaketi kwenye meza zile zile, watu wazima sasa, wengine na watoto wachanga mgongoni, naye akatufundisha yale tuliyopaswa kufundishwa tangu mwanzo. Aliendelea kutuomba radhi kila mvua ikinyesha.

Ilichukua miaka. Siku bodi ilipokubali, palikuwa na sherehe ndogo. Mwenyekiti mpya aliwashukuru wakuu, akamshukuru Mungu, akawashukuru hata wapishi. Mwenyekiti wetu hakutajwa. Alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, na alipiga makofi kila jina liliposomwa. Niligeuka kumtazama, akatazama viatu vyake. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kusema. Tulikuwa tumejifunza kutoka kwake vitu vingi, na kunyamaza kukiwemo.

Nilisajiliwa, nikafanya kazi, nikaenda kusoma tena, nikarudi kufundisha. Yeye alistaafu kimya kimya. Nilisikia amehamia nyumbani, ng'ambo ya Maseno, na kwamba mjini huja mara chache. Mwaka huu kiti chake walinipa mimi.

Wiki hiyo hiyo nilimkuta sokoni Kibuye, kwenye wauza samaki. Kofia ilikuwa nyingine, shingo ilikuwa ile ile. Alikuwa na mama mmoja mrefu mwenye uso wa watu waliozoea kuwaamrisha wagonjwa; Mwenyekiti akamwambia, "Huyu ni Rukia," akanipa mkono wake mkavu. Kabla hatujasema zaidi, muuzaji akamwita aje aonyeshe wale samaki wake wa ngege wapasuliwe vipi. Nikabaki na mkewe.

Alinitazama bila ubaya. "Wewe ni mmoja wa wale alidanganya?" akauliza.

Nikahamisha mfuko wangu wa nyanya mkono wa pili.

"Ni yeye anasema hivyo kwa nyumba," akaeleza. "Akitoka mjini ananiambia, leo nimeona mmoja wa wale watoto nilidanganya. Sasa nilitaka kujua kama ni wewe."

Nilifungua mdomo, naye akawa amerudi na samaki kwenye mfuko. Nikamwambia habari ya uenyekiti. Kichwa kikaanza kumwelemea, nikadhani ataniomba radhi kwa hilo pia.

"Siku ya wazazi ni lini?" akauliza.

"Alhamisi."

"Watakuuliza."

"Najua, Mwalimu."

"Kitu hujaona na macho yako, waambie hujaona." Akavaa kofia. "Msalimie mama."

Waliagana nami, wakaenda kupanda tuktuk. Nilisimama na nyanya zangu, nikamwona akimpisha mkewe aingie kwanza, kisha yeye akaingia upande wa pili akaweka samaki magotini. Dereva akawasha injini. Ndipo nilipokwenda mbio, mwanamke wa umri wangu, katikati ya soko, watu wakinipisha. Nilifika upande wa mkewe, nikashika chuma cha tuktuk.

"Mama," nikasema, "hakutudanganya."

Yule mama hakushangaa. Alinitazama kama mtu aliyechoshwa na mgonjwa mmoja kwa miaka mingi.

"Mimi namwambia kila siku," akasema. "Hasikii kwangu. Enda umwambie yeye."

Mwenyekiti alikuwa amegeuza uso, anatazama barabara. Nikazunguka nyuma ya tuktuk hadi upande wake, nikainama, na dereva, aliponiona, akazima injini.